Gari ya manyuali ya zamani imegoma kuwaka? Ipime hivi kabla hujanunua kitu

Gari ya zamani ikigoma kuwaka watu wengi wanakimbilia betri. Wananunua mpya, wanafunga, bado inagoma, kesho yake wananunua stata, keshokutwa plagi, hela imekata na tatizo lenyewe lilikuwa waya wa ethi (ule wa hasi unaounga betri na bodi au injini) umelegea pale chini. Mi naona gari huwa inasema yenyewe ilipoumia pale pale unapogeuza ufunguo, we kazi yako kusikiliza, halafu kupima, kununua ni mwisho kabisa.

Hapa naongelea zaidi injini za petroli za kabureta na zile injeksheni za mwanzo mwanzo, gia za mkono. Dizeli nitaigusa huko chini.

Uwe na tochi, spana namba 10 na 13, msasa, spana ya plagi, mita ndogo ya umeme (ile ya bei rahisi kabisa inatosha) na mtu mmoja wa kukupigia stata. Huyo mtu ni muhimu kuliko vyote kwa sababu vipimo vingi vinafanyika stata ikiwa inazunguka, na huwezi kuwa ndani na chini ya boneti kwa wakati mmoja.

Kabla ya yote gia iwe nyutro, hendibreki juu, weka jiwe kwenye tairi. Usichukulie poa hii, gari ya manyuali ikiwa kwenye gia ukapiga stata inaruka mbele, na kama wewe ndo umeinama pale mbele basi tena. Vua pete na saa ya chuma, na usivute sigara karibu na betri maana inatoa gesi inayoshika moto.

HATUA YA 1: Geuza ufunguo mpaka ON, usipige stata bado

Angalia dashibodi. Taa nyekundu ya betri na ile ya oili zinatakiwa ziwake. Kama hakuna kinachowaka kabisa, dashibodi giza totoro, basi usiwaze injini, hapo ni umeme haufiki: betri imekufa kabisa, temino (kile kibano cha waya kwenye betri) imeachia, fyuzi kuu imeungua au swichi ya ufunguo imechoka. Kama ni gari ya miaka ya 90 kuelekea mwishoni angalia pia kama ina taa ndogo ya ufunguo, ya imobilaiza (kinga ya wizi), inayopepesa, ikipepesa bila kuzima gari haiutambui ufunguo, jaribu ufunguo wa akiba kabla hujafungua kitu chochote.

Geji ya mafuta usiiamini sana. Kwenye magari ya zamani boya la kwenye tenki huwa linakwama, geji inasoma nusu na ndani pakavu. Tikisa gari kwa nyuma usikilize kama mafuta yanacheza. Inaonekana utani ila ni gari ngapi zimevutwa mpaka kwa fundi kumbe zimeisha mafuta.

HATUA YA 2: Piga stata na usikilize

Washa taa kubwa kwanza, halafu kanyaga klachi mpaka chini, piga stata. Klachi unaikanyaga kwa sababu mbili, kwanza inaipunguzia stata mzigo wa giaboksi hasa oili ikiwa ya baridi, pili kuna magari yana swichi kwenye pedali ya klachi, usipoikanyaga stata haitaitika hata betri iwe mpya. Hiyo swichi ikichakaa au kile kiplastiki chake kikidondoka unapata gari kimya kabisa na kila kitu kingine kiko sawa.

Sasa unachosikia ndo kinakupeleka pa kwenda:

Tatatata ya haraka haraka na taa zinafifia au zinazima = betri haina nguvu au temino chafu.

Tak moja tu nzito halafu kimya = stata yenyewe, au waya mnene, au ethi ya injini.

Kimya kabisa lakini taa kubwa zinawaka vizuri = umeme wa kuiamsha stata haufiki, swichi ya ufunguo, rilei, swichi ya klachi.

Inazunguka kivivu, uuu... uuu... uuu = betri dhaifu au nyaya zinakula umeme njiani.

Wiiii, mota inazunguka tupu injini haigeuki = bendiksi (gia ndogo ya stata) haishiki, au meno ya flaiwili (gurudumu zito la injini linalozungushwa na stata) yameliwa.

Inazunguka vizuri tu ila haiwaki = achana na betri na stata, nenda hatua ya 5.

Na kuna hii moja ya kuogopa, inazunguka haraka kuliko siku zote, laini, bila ile mipigo ya kupanda na kushuka. Hapo ACHA kupiga stata, ruka mpaka hatua ya 7.

HATUA YA 3: Betri na temino zake

Hapa ndo nataka ukae muda mrefu maana ndo matatizo mengi yalipo.

Pima betri gari ikiwa imezimwa na imepumzika. Volti 12.6 imejaa, 12.4 iko kama robo tatu hivi, ikishuka chini ya 12.0 imeisha hiyo, ichaji kwanza ndo uendelee na vipimo vingine, ukipima vitu na betri iliyokufa utadanganyika kila mahali. Halafu mwambie mwenzio apige stata huku unaangalia mita. Ikishuka mpaka chini ya 9.6 hivi wakati stata inavuta, betri imechoka hata kama ilikuwa inasoma 12.6 imekaa. Betri nyingi zinadanganya hapo, volti inazo ila nguvu haina.

Sasa temino. Usiangalie tu kwa juu ukasema safi. Shika kwa mkono uizungushe, ikizunguka hata kidogo imelegea. Ifungue, anza na hasi, malizia na chanya, na wakati wa kurudisha unaanza na chanya hasi ya mwisho. Sababu ni kwamba ukianza na chanya spana ikagusa bodi kwa bahati mbaya unapata cheche kubwa, bodi nzima ya gari ni hasi. Ukishafungua tazama ndani ya temino pale inapokumbatia risasi ya betri (kile kiguu cha risasi kinachochomoza juu), utakuta utando wa kijivu cheusi, mgumu, hauonekani ukiwa umefungwa. Huo utando ndo adui. Ule ungaunga mweupe wa kijani wa nje unasumbua pia lakini unaoshwa na maji ya moto yenye baking soda, huu wa ndani unataka msasa mpaka uone risasi inang'aa. Kote kote, kwenye risasi na ndani ya temino. Rudisha, kaza, paka grisi kidogo juu.

Kama bado inazunguka kivivu pima waya unakula kiasi gani. Mita kwenye volti za DC, waya mmoja wa mita gusa risasi ya hasi ya betri (risasi yenyewe sio temino), mwingine gusa chuma kisafi cha injini, mwenzio apige stata. Inatakiwa isome karibu na sifuri. Ikizidi nusu volti ethi ya injini mbovu, ule mkanda wa waya unaotoka betri au bodi kwenda injini umeoza au boliti yake ina kutu. Rudia upande wa chanya, risasi ya chanya ya betri na boliti nene ya stata. Kipimo hiki hakichukui hata dakika tano na kinakuokoa na kununua betri na stata bure, sielewi kwa nini mafundi wengi hawakifanyi.

HATUA YA 4: Kubusti, kusukuma, na stata iliyolala

Kubusti kwa waya wa gari nyingine: nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, upande wa pili chanya ya betri nzima, nyeusi kwenye hasi ya betri nzima, na mwisho wa nyeusi kwenye chuma kitupu cha injini ya gari iliyokufa mbali na betri, sio kwenye hasi yake. Cheche ya mwisho inatokea pale unapogusisha mara ya mwisho, hutaki itokee juu ya betri. Acha gari nzima iungurume dakika chache ndo upige stata.

Kusukuma ndo raha ya manyuali. Ufunguo ON, klachi chini, gia ya pili (ya kwanza inagonga sana na tairi zinaweza kujifunga), wasukume mpaka mwendo wa mtu anayekimbia, achia klachi ghafla, ikishika tu kanyaga tena klachi. Lakini kumbuka injini ikiwa imezimwa breki ni ngumu na usukani wa pawa mzito, kwa hiyo usijaribu kwenye mteremko mkali au penye watu. Na kama betri imekufa kabisa kabisa, hata taa ya dashibodi haiwaki, kusukuma hakutasaidia sana hasa kwenye injeksheni, koili na pampu vinataka umeme kidogo wa kuanzia.

Kusukuma ni kipimo pia. Ikisukumwa ikawaka mara moja bila ubishi, basi moto wa plagi na mafuta viko sawa, tatizo lako liko kwenye betri, nyaya au stata. Umeshakata nusu ya kazi.

Stata ya kupiga tak moja: kwenye stata kuna boliti yenye waya mnene na kuna kiwaya chembamba. Pima kile chembamba mwenzio akiwa anapiga stata. Kama inasoma karibu na 12 na waya mnene una umeme na ethi umeshahakikisha, stata imekwisha, kabonibrashi zimelika au solenoidi imechoka. Igonge kidogo na mpini wa spana ya tairi wakati mwenzio anapiga, mara nyingi kabonibrashi inakaa vizuri inazunguka. Usifurahi sana, itakurudia tena sehemu mbaya zaidi, ni ya kukufikisha kwa fundi tu. Kama kiwaya chembamba hakina kitu rudi nyuma kwenye rilei, swichi ya ufunguo na ile ya klachi.

Ikigoma kana kwamba imekamata, zima ufunguo, weka gia ya juu, sukuma gari mbele na nyuma kidogo. Bendiksi iliyong'ata meno ya flaiwili inaachia. Isipotikisika kabisa na gari ilipita kwenye maji mengi, usilazimishe, toa plagi zote kwanza, huenda maji yako ndani ya silinda na maji hayabanwi, yanapinda koniroli (ule mkono unaoshika pistoni).

HATUA YA 5: Inazunguka ila haiwaki, angalia moto wa plagi

Usipige stata zaidi ya sekunde 10 kwa mkupuo, ipumzishe nusu dakika. Stata inavuta ampea zaidi ya mia, inaungua.

Toa plagi moja, irudishe kwenye waya wake, ile sehemu yake ya chuma yenye nyuzi za kufungia iguse chuma cha injini vizuri, mbali na kabureta na mafuta. Usiishike kwa mkono, tumia koleo lenye mpira, ule umeme ni maelfu ya volti. Piga stata. Cheche ya bluu inayopiga kwa sauti ni nzuri. Ya njano au chungwa nyembamba ni dhaifu. Na usiache waya wa plagi ukining'inia hewani bila kugusa ethi, kwenye zile zenye ignisheni ya elektroniki unaweza kuua moduli au koili.

Hamna moto kwenye plagi zote? Fungua kepu (kifuniko) ya distribyuta, kile kifaa kinachogawa moto kwa nyaya za plagi. Angalia ndani kwa tochi, mpasuko mwembamba kama uzi wa penseli, au unyevu. Asubuhi yenye ukungu au baada ya kuosha injini ni unyevu huu huu, futa kwa kitambaa kikavu, futa na nyaya, jaribu tena. Kile kidude cha kaboni katikati ya kepu kinatakiwa kirudi ukikibonyeza. Kama gari yako ni ya platini (vile viguso vidogo ndani ya distribyuta vinavyofunguka na kufunga) safisha uso wake kwa msasa laini, na uwazi wake ukiwa umefunguka kabisa uwe kama milimita 0.4 hivi, injini nyingi zinacheza hapo. Kondensa ikifa platini zinaungua haraka na cheche inakuwa ya hovyo.

Ukitoa nyaya za plagi weka alama kwa tepu. Injini nyingi za silinda nne zinafuata 1-3-4-2 lakini sio zote, na ukichanganya hata mbili tu gari haitawaka, au itapiga risasi (mlipuko wa kurudi nyuma) kwenye kabureta.

Dalili moja watu inawachanganya sana: gari inashika ukiwa unapiga stata, ukiachia ufunguo inazima papo hapo. Kila mara. Hiyo mara nyingi ni ile rezista ya koili imekatika, au swichi ya ufunguo haitoi umeme ikirudi ON. Wakati wa stata koili inapata umeme kwa njia nyingine ndo maana inashika.

HATUA YA 6: Moto upo, mafuta je?

Kabureta: toa kifuniko cha hewa, injini imezimwa, chungulia kooni na tochi (sio kiberiti jamani), vuta waya wa eksereta mara moja. Inatakiwa irushe mafuta mstari mwembamba. Ikirusha, bakuli lina mafuta. Isiporusha, toa paipu inayoingia kwenye kabureta, iingize kwenye chupa, mwenzio apige stata sekunde chache. Pampu ya kimakanika inatema kwa mipigo. Haitemi? Chujio limeziba, paipu limepasuka linanyonya hewa, au kiwambo cha pampu kimetoboka, na kikitoboka petroli inaweza kushuka kwenye oili, vuta stiki ya oili uinuse.

Jaribu na hii ya bure, fungua kifuniko cha tenki. Ukisikia fyuuu ya hewa kuingia na gari ikawaka baada ya hapo, tundu la kupumua la kifuniko limeziba, tenki lilikuwa linavuta kwa ndani.

Injeksheni: ufunguo ON usikilize nyuma, pampu nyingi zinanguruma sekunde mbili tatu halafu zinanyamaza. Kimya, angalia fyuzi na rilei ya pampu kabla ya kushusha tenki. Ila kuna zile za zamani pampu haifanyi kazi mpaka stata izunguke, kwa hiyo sikiliza na huko.

Ikiwa harufu ya petroli ni kali na plagi zimetoka zimelowa, imezidiwa. Fungua choki (kile kifuniko cha hewa kooni mwa kabureta), kanyaga mafuta mpaka chini ukae hapo hapo, usipampu, piga stata si zaidi ya sekunde 10. Ukipampu unaongeza tatizo. Ikigoma toa plagi, zikaushe, rudisha.

Ile tabia ya kumwaga petroli kwenye koo la kabureta kwa kifuniko cha chupa huku mwenzako anapiga stata siipendi kabisa, ikipiga risasi kwa nyuma moto uko usoni kwako.

HATUA YA 7: Ile ya kuzunguka haraka na laini

Fungua kepu ya distribyuta, mwenzio apige stata kidogo tu, angalia rota (kile kidude kinachozunguka ndani). Injini nyingi rota inaendeshwa na kamshafti (shafti inayofungua valvu), kwa hiyo isipozunguka mkanda au cheni ya taiming imekatika. Vinginevyo fungua kifuniko cha kumimina oili, kwenye baadhi ya injini unaziona roka zikicheza. Zikikaa kimya ni hivyo hivyo. Usisukume gari, usipige tena stata, kuna injini ambazo valvu zinagongana na pistoni na kila mzunguko unaongeza gharama. Rota ikizunguka vizuri basi pima kompresheni (mgandamizo wa ndani ya silinda), hapo labda gasketi au valvu.

Inagoma ikiwa ya moto tu

Asubuhi inawaka vizuri, ukisimama kidogo juani inagoma, ukingoja nusu saa inawaka. Washukiwa ni watatu: mafuta yamechemka kwenye paipu la karibu na injini (kabureta hasa), koili au moduli inakufa ikipata joto, au stata iliyo karibu na ekzosi inakuwa nzito. Pima moto wa plagi PALE PALE ikiwa imegoma, sio ikishapoa, ikipoa kila kitu kitakuwa kizima na utarudi nyumbani bila jibu.

Dizeli kidogo

Haina plagi za cheche. Subiri taa ya hita (plagi zinazopasha joto ndani ya silinda) izime ndo upige stata, na asubuhi ya baridi kama inatoa moshi mweupe bila kushika pima hita plagi. Geuza ON usikilize tak kwenye pampu, ile solenoidi ya kukata mafuta, kimya maana yake haifungui. Na kama ilikauka mafuta au umebadilisha chujio, hewa imeingia, bonyeza ile pampu ya mkono mpaka iwe ngumu. Usipulize spreyi ya etha kwenye dizeli yenye hita, inaweza kulipuka.

Ikishawaka

Usiizime. Pima betri injini ikiwaka, iwe 13.8 mpaka 14.5 hivi. Ikibaki 12 na kushuka alternata haichaji, au beliti yake imelegea, na kesho utakuwa hapo hapo. Usitoe temino ya betri injini ikiwaka ili kuipima alternata, ile mbinu ya zamani inaua dayodi na vifaa vya elektroniki.

Inachaji vizuri lakini kila asubuhi betri imekufa? Zima kila kitu, funga milango, weka mita ya ampea katikati ya hasi ya betri na waya wake, na usijaribu kupiga stata hapo maana utaichoma mita. Inatakiwa isome chini ya miliampea 50. Ikizidi sana chomoa fyuzi moja moja, ile ambayo ukichomoa namba inaanguka ndo saketi inayonyonya, mara nyingi ni taa ya buti, redio iliyofungwa ovyo au alamu.